Ushuhuda wa Mama Kwenye Televisheni

Nikisikia mtu anasema "usikose nafasi hii", mkono wangu unatafuta kitu cha kurusha. Watu wa mtaa wetu wa Nyamianda, hapa Uvira kando ya ziwa, wananijua. Mimi ni fundi wa nguo, mdomo ninao, na hasira yangu haijui kubisha hodi. Lakini hii ninayoisema si ile hasira ya kila siku, ya mteja anayefuata gauni kabla halijakatwa, au ya umeme kukatika pasi ikiwa ndiyo kwanza imepata moto. Hii imehamia kwangu. Nalala nayo, naamka nayo.

Kwetu televisheni si ya mtu mmoja. Umeme wa mji ukija tunatumia umeme. Usipokuja, tuna batri inayokunywa jua kutwa nzima kutoka juu ya bati. Vijana wa jirani wanakuja kwa ajili ya mpira, na wanaacha viatu mlangoni kwa sababu Mama aliwahi kumrudisha mmoja na matope yake. Wanawake wanakuja kwa ajili ya filamu za mapenzi, zile zilizotafsiriwa, ambazo mtu analia kwanza na maneno yake yanafika baadaye. Mama yangu alikuwa na mahubiri yake ya Jumapili alasiri, baada ya ibada ya kanisani na baada ya bugali.

Mimi sitazami. Mimi nasikiliza kwa mgongo. Cherehani yangu iko dirishani kwa sababu ya mwanga, televisheni iko nyuma yangu, kwa hiyo miaka yote hii nimeijua kwa sauti tu. Na nitakwambia jambo moja: ukisikiliza bila kutazama, uongo unausikia mapema. Picha ndiyo inayomsaidia mwongo. Ukimwondolea yule daktari koti lake jeupe na tabasamu lake, inabaki sauti ya mtu mwenye haraka.

Nimewasikia wote. Kuna mkanda unaoyeyusha tumbo wakati wewe umekaa unakula. Ziwa lilipopanda likaingia katika nyumba za watu, familia zikalala shuleni juu ya madawati, na jioni ile ile mtu akatutangazia mkanda wa kuondoa tumbo. Tumbo lipi? Kuna kikaango ambacho yai linateleza lenyewe. Kuna bangili yenye sumaku inayovuta maumivu. Kila kimoja ukinunua unapewa cha pili bure, na kila kimoja mwisho wake ni leo, na hiyo leo yao haijawahi kuwa jana. Chini ya picha kuna namba ya simu, na sauti inakuambia piga sasa, sasa hivi, kana kwamba nyumba inaungua.

Mama alikuwa akiwacheka kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Alikuwa akisema hivyo kuhusu samaki: mwenye mikeke ya asubuhi hii amekaa sokoni kimya, watu wanamfuata, anayekuja mpaka mlangoni akiita "mama, mama" amebeba ya jana. Siku ya mkanda wa tumbo alinigeukia akasema, "Hii mukanda ingenisaidia minye wakati nilikuwa nabeba mihogo. Sasa iko inakuja kufanya nini?" Tukacheka mpaka nikatoboa kidole.

Basi mtu atauliza, mwanamke mwenye akili kama hiyo alinaswaje. Alinaswa kwa sababu walimkuta amefumba macho.

Niwaeleze. Mama alikuwa mjane, mwimbishaji wa kwaya ya wanawake kanisani kwetu. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, na ndiye aliyekuwa anaanzisha wimbo, wengine walimsubiri. Alikuwa pia na presha, sisi tunaita tansyo, na kwa ajili yake alimeza kidonge kila asubuhi na chai. Mganga wa kituo cha afya alimwambia maneno mepesi: hiki ni cha maisha, mama, usikiache hata ukijisikia vizuri. Naye hakukiacha. Akisahau, mimi namkumbusha, ananiambia, "Weye ndiye mama yangu sasa?" Anakimeza.

Na kwetu kuna desturi. Ibada haiachwi katikati. Mtu hatoki kabla ya baraka. Hata mtoto akilia anabembelezwa humo humo. Mama aliihamishia desturi hiyo sebuleni. Mhubiri wa televisheni akisema tuombe, Mama anajifunika kitenge kichwani, anafumba macho, na kuanzia hapo mtu haigusi telekomandi ya kubadilisha chaneli, haongei, hachukui maji, mpaka Amina isemwe. Mpira unaweza kuwa unaendelea kwenye chaneli nyingine, vijana wamekaa wamejikunja kwa uchungu. Hakuna anayethubutu.

Wafanyabiashara walilijua hilo. Nasema walilijua, na hakuna atakayenibadilisha mawazo. Mahali fulani, katika ofisi yenye kiyoyozi, mtu alikaa akajiuliza: ni wakati gani watu hawa hawawezi kuinuka? Akapata jibu. Jumapili moja mhubiri akasema, "Tufumbe macho, tuombe," na badala ya maombi nikasikia kinanda laini, halafu sauti nyingine, ya upole kuliko ya mhubiri: "Wapenzi, Mungu ameweka uponyaji katika mizizi." Nikasimamisha cherehani. Ilikuwa ni dawa ya maji, katika chupa ya kijani. Inatibu presha, sukari, mgongo, tumbo la uzazi, udhaifu wa wanaume, na watoto wanaoshindwa shuleni. Dawa moja. Namba ya simu ikasomwa polepole kama andiko. Kisha mhubiri akarudi, akaomba, akasema Amina, na Mama naye akasema Amina.

Nikamwambia, "Mama, hayo yalikuwa matangazo. Wamekata maombi katikati, wakapachika biashara yao."

"Alisema tufumbe macho, hakukuwa bado kusema Amina," akanijibu. "Yote iko katikati, iko mu maombi."

"Mhubiri hakuwepo pale. Ile ni sauti ya mtu mwingine."

"Weye unatazama na mugongo. Utajua nini?"

Tulibishana Jumapili hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Nilimuuliza dawa gani inayotibu mgongo wa mzee na hesabu za mtoto. Nilimkumbusha samaki. Akaniambia mimi nimekuwa mtu wa kushuku kila kitu tangu niachwe na mume wangu, na hilo neno liliniuma. Yeye akaenda mtaa wa Kimanga, ambako mwakilishi wa dawa hiyo alikuwa amefungua chumba kidogo chenye rafu na bango, akarudi na chupa.

Alijisikia vizuri sana. Bila shaka. Alikuwa bado anameza vidonge vyake, presha imetulia, na juu yake anakunywa maji matamu yenye ladha ya tangawizi huku akiamini. Mimi mwenyewe nilijituliza kwa hilo: maadamu kidonge kinaendelea, acha anywe tangawizi yake. Mwakilishi, kijana mwenye suti na maneno mazuri, alikuwa anamwita "mama mzazi". Siku moja Mama alirudi kutoka Kimanga anatembea kama bibi harusi. Alisema wamempiga video kwa simu, ametoa ushuhuda, na wataupeleka huko kwenye televisheni.

Na kweli waliuonyesha. Jumapili hiyo sebule yetu ilijaa. Wanawake wa kwaya walikuja wote, majirani wakasimama dirishani mpaka wakanizibia mwanga, na mimi nikabaki kwenye cherehani kwa ubishi tu, mgongo kwao. Mhubiri akasema tufumbe macho. Kinanda kikaanza. Halafu nikasikia sauti ya mama yangu ikitoka mahali ambapo haijawahi kutoka, nzito, safi, imetulia. Alianza na mstari wa wimbo wao wa kwaya, kisha akasema:

"Minye ni mama wa Uvira. Nilikuwa mugonjwa ya tansyo miaka mingi. Vidonge nimeacha. Niko muzima."

Watu wakapiga makofi hata kabla ya Amina. Mimi niligeuka.

"Umeacha?"

Hakunitazama. Alikuwa anatazama uso wake mwenyewe kwenye kioo cha televisheni, anatabasamu. Nilijua kwa televisheni kwamba mama yangu, ninayelala naye nyumba moja, ninayemwekea chai, ameacha dawa yake. Chai alikuwa anakunywa mbele yangu. Kidonge alikuwa anakitema nje, chini ya mgomba.

Watu walipoondoka nilipiga kelele, siwezi kusema niliongea. Kesho yake nilimleta mganga wa kituo cha afya nyumbani na kile kipimo chake cha kufunga mkononi. Mama alikataa kunyoosha mkono. Mganga akambembeleza, akasema apime tu, hatamlazimisha kitu. Mama akamwambia kwa heshima kubwa:

"Muganga, nimeshashuhudia mbele ya batu na mbele ya Mungu. Nikirudi ku vidonge, nitakuwa muongo. Weye ungependa nikufe muongo?"

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa wizi wenyewe. Kwa watu wetu, ushuhuda ni neno linalomfunga aliyelisema. Ukisimama ukasema Bwana amenitendea, huwezi kesho ukasema hapana, sikuwa na hakika. Wale watu hawakumuuzia Mama chupa tu. Walichukua neno lake, wakamfungia nalo mlango, kidonge kikabaki nje.

Haikuchukua muda. Alikuwa amekaa uani anachambua maharage, mimi napiga pasi. Nikasikia ungo umeanguka. Nilipotoka maharage yalikuwa yamemwagika yote, yeye ameinama upande mmoja, anautazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mgeni. Nikamwita. Akanijibu kwa neno ambalo halikuwa neno.

Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke. Aliishi. Watu walinipa pole na pongezi kwa wakati mmoja. Daktari alisema mshipa umepasuka kichwani kwa presha, na kwamba vile vidonge vilikuwa kama ukuta wa mto: ukiubomoa, maji hayakuulizi. Mguu ungeweza kurudi kidogo. Mkono labda. Maneno, alisema, tusitegemee.

Tukarudi nyumbani, na Jumapili alasiri Mama alikuwa kwenye televisheni anasema yeye ni mzima.

Nilipiga ile namba. Niliipiga sasa, sasa hivi, kama walivyotaka. Kwanza ni muziki. Kisha binti mwenye sauti ya asali akanikaribisha, akaniuliza nahitaji chupa ngapi. Nikamweleza. Nilimweleza taratibu kabisa, najisifu kwa hilo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pole sana, mama. Kwa wagonjwa wa namna hiyo tunashauri kuongeza dozi." Nikamuuliza kama ana mama. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama huyo mama yake anainywa dawa hiyo. Simu ikakatika.

Wiki baada ya wiki waliendelea kumwonyesha. Mama alikaa kwenye kiti chake, mto chini ya mkono uliokufa, na ikifika saa ya mahubiri anapiga kiti kwa mkono mzima mpaka niwashe. Akijiona, midomo yake inajaribu kufuata. Nilidhani anateseka. Nilitaka kuzima, na yeye anatoa sauti ya kunikataza, basi naacha, nakanyaga cherehani kwa nguvu nisisikie.

Kilichonitoa nyumbani ni mwanamke mmoja wa Kamanyola. Alibisha hodi mchana, mwenye vumbi la barabara, amebeba mkungu wa ndizi. Akanisalimia vizuri, akasema anamtafuta yule mama wa kwenye televisheni.

"Nimetoka Kamanyola," akasema. "Baba yangu alimusikia mama akishuhudia. Naye ameacha vidonge. Sasa kichwa inamuuma sana, hataki kusikia neno ya hospitali, anasema ule mama wa Uvira alipona. Nikasema, acha nikamuulize mama mwenyewe alifanya namna gani."

Nikamfungulia mlango. Mama alikuwa kwenye kiti. Akamsalimia mgeni kama anavyoweza, na mate yakamtoka, nikamfuta. Yule mwanamke aliweka ndizi chini. Alisimama pale, akamtazama, akanitazama mimi, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Baba yangu iko peke yake na watoto." Akatoka mbio. Hakunywa hata maji. Kama alimkuta mzee wake salama au la, sijui mpaka leo, na sijui namna ya kumtafuta.

Siku hiyo nilienda kwa wanawake wa kwaya, nyumba kwa nyumba. Wengine nao walikuwa na chupa ya kijani nyumbani, kwa sababu ya Mama. Niliwaambia: sauti ya mwenzenu inaua watu, twendeni tukaizime.

Kwetu, mtu akifa, wanawake wanatandika mikeka mbele ya nyumba, wanajifunga vitenge kiunoni na kukaa chini. Huo ndio mwanzo wa kilio. Na mahali penye kilio hakuna mtu anayepita kwenda kununua kitu. Basi asubuhi tulienda Kimanga na mikeka, tukaitandika mlangoni kwa yule kijana mwenye suti, anayeishi na mke wake nyuma ya kile chumba cha dawa, tukakaa, tukaanza nyimbo za kuzika. Hatukumtukana. Hatukugusa bango lake. Wateja walifika, wakaona mikeka, wakavua kofia, wakauliza nani amefariki. Sisi tunaimba. Watu wa jirani wakaanza kuleta kuni.

Kijana alitoka, akarudi ndani, akatoka tena.

"Bamama, kwani nani amekufa hapa?"

Mzee wa kwaya, mwanamke anayempita mama yangu kwa umri, akamjibu bila kuinua kichwa. "Bado tunangoja. Utatuambia weye."

Alivumilia siku ile. Tulipotandika tena kesho yake alishindwa. Mke wake mwenyewe alikuwa amekataa kulala katika nyumba inayoliliwa. Alipiga simu huko kwa wakubwa wake mbele yetu, jasho linamtiririka, akawaambia waiondoe ile video ya mama wa Uvira, waiondoe kabisa, huku mambo yameharibika. Wakakubali. Kwao ni uso mmoja tu, wana nyuso nyingine. Lakini mimi sikuridhika. Nilimwambia afute na ile iliyo kwenye simu yake, asije akaipeleka pengine. Akafungua, akanionyesha, picha ndogo ya mama yangu mwenye mdomo ulionyooka. Nikamwambia futa. Akafuta, na kule kwenye takataka za simu akafuta pia, nikisimamia.

Tulirudi Nyamianda tunaimba, si za kuzika tena. Wanawake waliingia kumsalimu Mama, wakamweleza, kila mmoja akikatiza maneno ya mwenzake. Aliwasikiliza. Sikuona akifurahi, nikadhani amechoka.

Jumapili akapiga kiti. Nikawasha. Mhubiri akasema tufumbe macho, kinanda kikaanza, na badala ya Mama akatokea mwanamume fulani wa mahali fulani, anashuhudia kuhusu mgongo wake. Mama akangoja mpaka mwisho. Kisha akapiga kiti, akanyoosha kidole kwenye televisheni, akakirudisha kwenye mdomo wake. Akafanya hivyo tena. Nilimwambia, "Mama, tumeiondoa. Ilikuwa inadanganya watu." Akaitikia kwa kichwa, analijua hilo. Akagusa mdomo, akagusa sikio lake, na machozi yakaanza kumtoka.

Alikuwa anajisikiliza. Wiki zote zile alikuwa anangoja Jumapili ajisikie mwenyewe akianzisha ule mstari wa wimbo.

Nilivaa viatu nikaenda Kimanga mbio. Nilimkuta kijana anashusha chupa kwenye maboksi, bango ameshaling'oa. Nikamwomba. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nilimwomba: kama kuna mahali imebaki, kwa rafiki, kwa wakubwa wake, sehemu ya wimbo tu, ile ya mwanzo. Alinitazama bila kejeli hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma.

"Mama, si ulisimama hapa ukasema nifute?"

Kwaya yetu haijawahi kurekodiwa. Mimi nina simu, na sikuwahi kufikiri kumrekodi mtu ninayeishi naye, anayenipigia kelele kila asubuhi kuhusu chai. Sauti ya mama yangu ilibaki mahali pamoja duniani, kwa wezi, ndani ya uongo, na ilikuwa lazima izimwe. Ningeizima tena leo. Mama hapigi tena kiti siku ya Jumapili, na mimi siwashi.